Simu inakula chaji kwenye kompyuta lakini faili hazionekani (Windows 10)

Ndosho_K aliuliza:

Wandugu, salamu kutoka Goma. Nina simu ya Android 12 yenye tundu la Type-C, na laptopu ya Windows 10 iliyowekwa kwa Kifaransa. Nikichomeka kable, simu inaanza kuchaji, basi. Ndani ya «Ce PC» hakuna kitu. Mara mojamoja kompyuta inaandika «Périphérique USB non reconnu» (kifaa cha USB hakitambuliki), kisha maandishi yanapotea. Nimebadilisha kable, nimezima na kuwasha vyote viwili. Kwenye simu sioni hata sehemu ya kuchagua «Transfert de fichiers» (kuhamisha faili). Nataka kutoa picha na video, karibu giga 40, kabla ya kuifuta simu. Nifanye nini kabla ya kwenda kwa fundi? Mega za kupandisha giga 40 mtandaoni sina.

Kadutu_Info:

Ndugu, Windows iache kwanza. Kuchaji hakuthibitishi kitu. Kable ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme wa volti 5, nyeupe na kijani za data. Kable nyingi za mezani barabarani, hasa zile nyembamba zinazokuja na taa au redio ndogo, zina mbili za umeme tu. Simu itachaji usiku kucha na kompyuta haitajua kama kuna kitu kimechomekwa. Na kutoa kable moja ya namna hiyo ukaweka nyingine ya namna hiyohiyo, bado hujapima kitu.

Chukua kable ukaijaribu na simu nyingine ambayo kompyuta inaijua. Ukikosa simu nyingine, tazama chaja. Kama ni chaja ya haraka yenye tundu pana la zamani la USB, na simu inaandika kwamba inachaji haraka kwa kable hiyo, kwa kawaida nyaya za data ni nzima, maana chaja nyingi za aina hiyo huongea na simu kupitia nyaya hizohizo. Kipimo hiki hakifai kwa kable yenye kichwa cha C pande zote mbili, kwa sababu hapo mazungumzo mara nyingi yanapita pini nyingine.

Halafu chomeka kwenye laptopu moja kwa moja. Hizi hub (vigawanyo vya milango ya USB) zisizo na umeme wake zinagawana mlango mmoja, na mlango wa USB 2.0 unatoa ampea 0.5 tu.

Mwana_Lushi:

Naongeza upande wa kompyuta. Mimi huanza na sauti. Chomeka simu ikiwa imefunguliwa kioo, usikilize.

Ikiwa kimya kabisa, kompyuta haijaona kitu: ni kable, tundu la simu, au mlango wa laptopu. Usipoteze saa nzima kwenye dreva, ile programu ndogo ya Windows ya kuongea na kifaa. Maelezo yako kwamba sehemu ya kuchagua haitokei yanaelekea huko, maana simu inadhani imechomekwa kwenye chaja ya ukutani.

Ikilia na folda ikafunguka tupu, simu bado imefungwa au iko katika hali ya kuchaji. Fungua kioo, shusha pazia la juu, gusa maandishi ya USB, chagua «Transfert de fichiers». Kama simu inarudi kwenye kuchaji kila mara, nenda «À propos du téléphone», gusa «Numéro de build» mara 7, kisha ndani ya «Options pour les développeurs» tafuta «Configuration USB par défaut» uweke transfert.

Ikilia lakini simu isionekane kwenye «Ce PC», hapo ndipo dreva inahusika (Windows yako inaiita «pilote»). Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua «Gestionnaire de périphériques». Ukikuta alama ya njano kwenye jina la simu au neno MTP (njia ya simu kupitisha faili kwa kable), bonyeza kulia, «Mettre à jour le pilote», utafute mwenyewe kwenye kompyuta, uchague kutoka kwenye orodha, kisha «Périphérique USB MTP». Hakuna mega inayoliwa, dreva hiyo tayari iko ndani ya Windows. Isipokuwa Windows yenye herufi N kwenye jina: hiyo inakosa sehemu ya midia na MTP haifanyi kazi mpaka uiongeze.

Ukikuta «échec de demande de descripteur» na code 43, kompyuta imehisi kitu, imeuliza «wewe ni nani», na jibu halikufika au limefika limeharibika. Mara nyingi ni nyaya za data zinazogusa vibaya. Bado jaribu kwanza «Désinstaller l'appareil», chomoa, kisha chagua «Redémarrer». Kuzima na kuwasha hakutoshi, kwa sababu Windows 10 ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka. Redémarrer ndiyo inaanza upya kweli.

Fundi_Birere:

Kwa dalili hizo mimi natazama tundu. Kwenye Type-C pini za umeme zinagusa kabla ya pini za data. Uchafu ukishindiliwa chini ya tundu, kichwa cha kable hakifiki mwisho: chaji inapita, data haifiki. Na vumbi letu la Goma, lile jeusi la mawe ya volkano, likichanganyika na manyoya ya mfuko linakuwa gumu kama udongo mkavu. Kichwa kikibaki nje kidogo, au kikicheza, basi ndiyo hiyo.

Zima simu. Kwa njiti ya meno iliyochongwa nyembamba, kwangua taratibu kandokando ya kile kiulimi cha katikati, usikiguse chenyewe. Sindano na pini za nguo hapana, zinakunja pini na zinaweza kuunganisha umeme na data. Ukipata pombe safi ya asilimia 90 na zaidi, tone moja kwenye burashi laini, acha ikauke. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate.

Kisha vipimo viwili. Geuza kichwa cha kable juu chini: kichwa cha C kina jozi moja tu ya data, kwa hiyo ukigeuza unagusa pini za upande wa pili wa tundu. Pili, weka flashi kwa adapta ya OTG, ile ya kuchomeka flashi kwenye simu. Simu ikisoma flashi, data kwenye simu inapita, rudi kwenye kable na kompyuta.

Ndosho_K:

Nimetoa uchafu mwingi. Flashi inasomeka upande mmoja tu. Kable nayo vilevile: upande mmoja kompyuta inalia na «Transfert» inatokea, nikigeuza inachaji tu.

Fundi_Birere:

Basi njia ya data mpaka kwenye prosesa ni nzima, kasoro ni pini za safu moja. Hamisha sasa hivi kwa upande unaofanya kazi. Simu iweke mezani usiishike, kioo kibaki wazi. Nakili kwa mafungu ya giga 3 au 4, maana MTP ikikatika haiendelei pale ilipoishia. Fungua video chache kwenye laptopu kabla ya kufuta chochote kwenye simu. Ikikataa katikati, washa hotspot ya simu, unganisha laptopu, tumia programu ya FTP (ya kuhamisha faili bila kable): faili zinapita kati ya vifaa viwili tu, mega hazitoki (data ya simu iwe imezimwa, laptopu isije ikaanza kujisasisha).

Baadaye, kama usafi zaidi hausaidii, tundu libadilishwe. Simu nyingi za bei ya kati zina tundu kwenye kibao kidogo cha chini, kinatolewa kizima bila kugusa ubao mkubwa. Mpe fundi namba kamili ya modeli pamoja na herufi za mwisho, si jina la kibiashara, kwani vibao vinafanana kwa macho lakini si kimoja. Maikrofoni mara nyingi iko kwenye kibao hichohicho, kwa hiyo kabla ya kulipa piga simu usikike, tazama kama chaji ya haraka imerudi, na uchomeke kable pande zote mbili kwenye kompyuta.