Ukoo wa Mbezi: jiko la uani

Da Mwana: Asalaam aleikum wapendwa. Shikamoo Mama, shikamoo shangazi. Jana mliondoka mapema, hamkumwona Mama usiku. Amekohoa mpaka saa nane. Ni ule moshi wa mkaa, masaa matatu kainamia mishkaki. Naomba tuchange tununue jiko la kuchomea la gesi kabla ya Jumapili ijayo. Sitaki kumwona tena na kipepeo cha mkaa mkononi.

Mama: Marahaba. Sijambo mie, mafua tu

Salehe: Mama, mafua gani yanakuja kila Jumapili tukichoma nyama? Da Mwana naunga mkono, mimi laki moja na nusu. Ila nyama ya gesi haina ile harufu, tuseme ukweli.

Shem Juma: Shemeji, nimesimama kwenye majiko ya hoteli huko Kunduchi miaka 11. Harufu unayoipenda sehemu kubwa inatoka kwenye mafuta ya nyama yenyewe. Yanadondoka, yanaungua, ule moshi wake mdogo unarudi kwenye nyama. Jiko zuri la gesi lina mabati ya mshazari juu ya bana, yaani mirija inayotoa moto, mafuta yanaungulia pale pale. Jiko lisilo na mabati hayo ndilo linalotoa nyama kama imechemshwa.

Salehe: Sawa shem, hapo nimekuelewa

Hamisi (Houston): Shikamooni wote. Mama pole sana. Msinunue huko, kuna rafiki anajaza kontena mwezi ujao. Niweke jiko la bana 3, nguvu ya moto BTU 36,000 kwa saa, la uhakika kabisa.

Shem Juma: Hamisi, Mungu akubariki kwa moyo huo. Hiyo 36,000 ni kama kilowati 10 na nusu, inatosha familia yetu na majirani. Tatizo ni kiungio. Jiko la Marekani limetengenezewa mtungi wa kwenu, halikai kwenye mitungi yetu. Itabidi tubadili mpira na regyuleta, kile kidude cha kupunguza presha ya gesi, na bana ikiharibika tutaipata wapi hapa? Tuma mchango wako, tulinunue hapa hapa, lenye vipuri.

Hamisi (Houston): Sawa shem. Natuma leo.

Shangazi Zuhura: Mimi naogopa gesi. Kuna nyumba hapa Tabata jirani aliwasha kiberiti asubuhi, mlango wa jikoni ukaruka. Tena aliyeungua ni msichana wa kazi. Wifi yangu na gesi uani sikubali

Shem Juma: Shangazi, hofu yako ina msingi na naomba kila mtu asome hapa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa chini na kujikusanya kwenye kona na mashimo. Kwa hiyo jiko halikai karibu na mlango wa jikoni wala shimo la maji machafu. Na halikai chini ya banda la makuti, hata mvua ikinyesha. Afadhali tusubiri mvua ikatike.
Kila tukibadilisha mtungi tunapaka povu la sabuni kwenye maungio. Likivimba mapovu mapya, gesi inavuja, tunafunga koki, hakuna kuwasha.
Na mfuniko wa jiko unafunguliwa KABLA ya kuwasha. Niliona mwenzangu kazini aliwasha ukiwa umefungwa, gesi ilikuwa imejaa ndani. Nyusi na nywele za mbele zote zilikwenda. Alipona, lakini mpaka leo nikiwasha jiko naangalia mfuniko kwanza.

Shangazi Zuhura: Haya umenieleza vizuri mwanangu. Povu la sabuni hilo nimelishika

Salehe: Mtungi je? Ule mdogo wa kilo 6 wa chai si upo?

Shem Juma: Huo una koki ya kuzungushia bana juu yake, tuuache na chai yake. Tuchukue wa kilo 15 na regyuleta ya presha ndogo, na tuijaribu kwenye mtungi wetu tukiwa dukani maana vichwa vya mitungi havilingani. Bana 3 zikiwaka zote kwa nguvu zinakula kama gramu 750 kwa saa. Jumapili moja ya saa mbili na nusu haifiki kilo 2. Mtungi mmoja ni Jumapili 8 hivi.

Da Mwana: Kumbe. Mkaa wenyewe tunamaliza debe kila Jumapili.

Salehe: Nimeona moja Mwenge, bana 6, linang'aa balaa

Shem Juma: Kung'aa kusikuvute shemeji, hapa Mbezi upepo wa bahari unakula chuma. Tuende na sumaku. Ikinasa kwa nguvu kwenye bati la stenlesi, hiyo ni ile ya bei ndogo, itaanza kutu mapema. Na bana 6 za nini? Tutawasha 3, zingine zitakuwa nyumba ya buibui. Kweli kabisa, buibui wanaziba mirija ya bana, moto unarudi nyuma. Bana 3, wavu mzito wa chuma cha kusubu tuupake mafuta kila tukimaliza, basi.

Da Mwana: Mama ametuma sauti. Shangazi simu yako haifungui, nakuandikia: "Wanangu, baba yenu alinikuta nikipepea mkaa, na nyie mmekua mkila nyama ya mkono huu. Nilidhani mnataka kunikalisha kwenye kiti kama mgonjwa. Kama mnanunua nunueni, lakini viungo naviweka mwenyewe Jumamosi usiku, na kugeuza mishkaki nitageuza mwenyewe. Liwe la magurudumu, nilisogeze bila kumwita mtu."

Salehe: 😭 Mama jiko ni lako. Hakuna wa kukukalisha.

Hamisi (Houston): Mama nakupenda sana. Nimeshatuma, Da Mwana angalia simu

Da Mwana: Imefika. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane Kariakoo. Shem ataleta sumaku.

Shangazi Zuhura: Mie naja Jumapili na sabuni yangu. Naipaka mwenyewe kwa macho yangu kabla wifi hajawasha

Mama: Njoo na ndizi pia wifi