Ukocha msaidizi vyuoni Marekani: niende JUCO nikafundishe au D1 nikakate vidio? Naombeni ushauri

mwana_wa_Makande:
Ndugu zangu salaam aleikum. Nasoma humu kitambo ila leo nina jambo linaninyima usingizi na nataka mawazo ya mtu anayeijua hii kazi, au anayeyajua tu maisha ya huku.

Mie ni wa Mombasa, nilikuja kwa skolashipu ya basketi, nikacheza JUCO, yaani chuo cha miaka miwili, hapa Kansas, nikahamia chuo cha divisheni ya pili nikamalizia digrii. Sasa niko hapohapo kama GA, yaani nasoma masta wao wanalipa karo na posho kidogo, mie naitumikia timu. Namaliza Mei.

Kwa wasiojua, GA ndiye wa kila kitu. Nafua jezi, naendesha vani, namfuata mtoto wa rekruti, yaani mchezaji tunayetaka ajiunge nasi, uwanja wa ndege usiku. Lakini roho yangu iko kwenye ripoti ya skauti. Unachukua mechi za mwisho za mpinzani unazikata klipu moja moja, unaandika kila seti, yaani mpango wa shambulizi, wanayoita na ile ishara ya mkono anayotoa pointi gadi wao, yule anayeongoza mchezo, unaona huyu akienda kushoto lazima apige dribo moja ndo arushe, yule hapendi kubanwa kabla ya rebaundi, halafu yote unayabana kwenye karatasi moja mbele na nyuma maana kijana wa miaka 19 karatasi ya pili haisomi. Siku ya mechi jamaa anainua ngumi, na vijana wangu kwenye benchi washaitaja seti kwa sauti kabla hata haijaanza. Raha ile sijaipata popote.

Sasa nina ofa mbili. Ya kwanza JUCO ndogo magharibi mwa Kansas, asistanti kamili, dola elfu 24 kwa mwaka, chumba bwenini bure na chakula cha kantini, ila pia niwe mlezi wa bweni. Kocha mkuu kaniambia magadi, yaani wale wachezaji wanaobeba mpira, ni wangu kuwafundisha na rekruti nusu ni yangu. Ya pili ni D1, yaani divisheni ya kwanza ya vyuo, jina kubwa mnalijua wote, kukata vidio, elfu 35 bila nyumba na kodi ya mji ule ni kali.

Nyumbani mzee anasema basketi ilikuwa ya kusomea, imeshanisomesha, sasa nitafute kazi ya kueleweka, na mdogo wangu yuko Form Three karo inanitazama mie. Na kuna jambo la tatu linaniuma, wale wa D1 kwenye mahojiano swali la kwanza kabisa lilikuwa naweza kuwaletea vijana warefu wangapi kutoka Afrika Mashariki. Mnanishaurije?

kikapu_damu:
Mkuu hapo unawaza nini sasa? D1! Erik Spoelstra aliingia Miami Heat 1995 kwenye chumba cha vidio, 2008 akawa kocha mkuu, 2012 na 2013 ubingwa. Watu wanaomba hiyo nafasi bure mkuu, wewe unalipwa.

Mama Nuru:
Mwanangu pole na hongera kwa pamoja. Mimi mpira siujui ila nina miaka mingi huku na nimeona vijana wakiumia kwa kuogopa kusema ukweli nyumbani. Mpigie baba yako simu umwambie mshahara ni huu, nitakachotuma ni hiki, na karo ya mdogo wangu nitalipa hivi. Wazee wetu wanahofia wasichokijua. Ile ya bweni na kantini ukipiga hesabu vizuri itakubakishia zaidi ya hiyo elfu 35 yenye kodi, maana nyumba na chakula ndo vinakula pesa huku. Na simu mpigie usimtumie meseji, haya mambo ya meseji baba hatasikia sauti yako.

kijana_wa_Ohio:
Nafanya kazi ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwenye chuo kimoja kwa hiyo naongelea viza tu. OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ukishamaliza masomo, ni miezi 12, na humo ndani usikae bila kazi zaidi ya siku 90 jumla. Ukiwa umesoma mambo ya michezo kwa kawaida ile nyongeza ya miezi 24 ya STEM, yaani ya waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, huipati. Maana yake saa yako ni fupi, ndani ya mwaka huo lazima mwajiri akuombee H-1B, yaani viza ya kazi. Habari njema ni kwamba vyuo vya umma na visivyo vya faida haviingii kwenye ile bahati nasibu ya viza hiyo, vinaomba muda wowote. Habari ngumu ni kuwaaminisha uhamiaji kwamba ukocha ni kazi inayodai digrii ya fani maalum, hapo ndo maombi mengi ya makocha yanakwama. Na Septemba 2025 ikaja ile ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, baadaye wakafafanua kwamba aliye ndani kihalali anayebadilisha hadhi tu haimhusu, kwa hiyo usije ukapanda ndege kwenda kusalimia nyumbani katikati ya mchakato bila kuongea na wakili. Waulize wote wawili kwa maandishi, je mmewahi kumuombea kocha H-1B? Jibu la hapo lina uzito kuliko jina la chuo.

kocha_Mzizima:
Kaka nimekaa benchi za JUCO Texas na baadaye D1 ndogo, naandika kirefu kidogo.

Hii kazi kitu cha kwanza kujua ni kwamba huna ajira, una kocha mkuu. Yeye akifukuzwa Machi benchi zima linabeba maboksi Aprili, mikataba yetu mingi ni ya mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo kabla hujaangalia divisheni angalia yule mtu ana miaka mingapi kwenye mkataba wake na wasaidizi wake wa zamani wako wapi leo. Kama wote wamepotea kwenye kazi, jiulize.

Pesa, wale wa vyuo vikubwa wanapata laki kadhaa za dola kweli, wa chini wanakula kantini. Na haikuanza leo, miaka ya tisini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliweka ngazi ya kocha asiyeruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka, makocha wakaenda mahakamani wakashinda, 1999 NCAA wakakubali kulipa dola milioni 54.5. Nakwambia ujue unaingia kwenye kazi ambayo watu wamepigania hata haki ya kulipwa.

Halafu kuna suala la kugusa uwanja. 2023 NCAA waliongeza wasaidizi wa basketi D1 kutoka watatu mpaka watano, ila wale wawili wa nyongeza hawakupewa ruhusa ya kutoka nje ya chuo kurekruti. Mtu wa vidio hayumo hata humo. Waulize waziwazi, mazoezini nitafundisha au nitakaa juu na kompyuta? Ndugu yetu hapo juu katoa mfano wa Spoelstra, ni kweli kabisa, ila ule ni NBA na kwa kila mmoja aliyetoka chumba cha vidio wako wengi waliobaki humo hadi wakachoka.

Mfano wangu mimi ni Tommy Lloyd. Alikaa Gonzaga miaka kama 20 msaidizi, kazi yake kubwa ikiwa kutafuta wachezaji nje ya Marekani, Sabonis, Hachimura wa Japani, wote mnawajua. 2021 Arizona wakampa timu, msimu wa kwanza kashinda mechi 33. Na Bill Guthridge alikaa msaidizi chini ya kocha mkuu Dean Smith pale North Carolina miaka 30, 1967 mpaka 1997, alipopewa timu akafika Final Four, yaani nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, mara mbili ndani ya misimu mitatu. Hawa hawakurukaruka, walishika kitu kimoja wakawa hawana mpinzani kwenye hicho kitu.

Mimi ningeenda JUCO. Ukiwa na miaka yako hiyo, kupewa magadi uwafundishe mwenyewe kila siku, ukosee na urekebishe uwanjani, hakuna D1 itakupa. Na wachezaji wako wakienda juu, makocha wa D1 watakupigia wewe simu. Kansas hiyohiyo ndo ina mashindano ya taifa ya JUCO pale Hutchinson tangu 1949, makocha wa kila ngazi wanajaa jukwaani.

mtoto_ya_Goma:
Kaka mimi nasemea ile swali ya warefu. Huku Kentucky nimeona batoto ba kwetu baliletwa na watu ba mpira, mtoto anafika hajui chuo gani, pasipoti inashikwa na mtu mwingine, akiumia goti anaachwa. Tunafurahi kuona Hasheem Thabeet wa Tanzania alitoka chuo cha UConn akachaguliwa wa pili kuingia NBA 2009, na Khaman Maluach aliyekulia Uganda akapita Duke akachaguliwa wa kumi 2025, lakini bale ni bachache sana. Ukikubali kuwa mlango, uwe mlango wa kweli. Mzazi aongee na wewe kwa Kiswahili, ajue skolashipu ni ya mwaka ao ya miaka yote, ajue mtoto akiumia nani analipa hospitali.

kikapu_damu:
Hapo mtoto_ya_Goma umenibadilisha kidogo, kusema kweli.

kocha_Mzizima:
Naongezea hapo. Septemba 2017 FBI walikamata makocha wasaidizi wanne wa D1 kwa rushwa ya wachezaji. Wasaidizi, kaka, makocha wakuu hawakuwamo. Msaidizi ndiye anayetumwa kuongea na watu wa pembeni, na ndiye anayebeba msala. Mtu akikuuliza warefu wangapi kabla hajakuuliza unafundishaje piki-na-roli, kashakuonyesha anakutakia nini.

mwana_wa_Makande:
Wallahi nimesoma yote zaidi ya mara moja. Mama Nuru nimempigia mzee, tumeongea muda mrefu, hajakubali ila kaniuliza hiyo JUCO iko mji gani, na kwa baba yangu hilo si dogo. Kijana wa Ohio, nimewaandikia wote wawili swali la H-1B. JUCO wamejibu leo, wanasema kocha wa soka wa wanawake walimfanyia na wakanipa jina la wakili wao. D1 bado.

Kocha Mzizima, nikienda JUCO wananitaka nianze kurekruti Julai. Nina vijana watatu Mombasa na mmoja Nakuru ninaowajua tangu wadogo, KCSE zao ni nzuri. Naanzia wapi, kwa kocha mkuu au kwa wazazi?

kocha_Mzizima:
Wazazi. Kisha ofisi ya udahili na vyeti vya KCSE mkononi, ujue kama chuo kitawapokea na bajeti ya skolashipu ipo. Vidio kwa kocha mkuu iwe ya tatu. Na muulize mkataba wake unaisha lini, hilo usisahau.