Fenoli katika maji taka ya karakana, Kisumu

Mkazi wa Kisumu: Ndugu zangu, maji taka ya karakana yetu yana fenoli, kemikali yenye sumu, nasi hatutaki yafike Ziwa Victoria yakiwa na sumu. Je, vijidudu vinaweza kuivunja katika tangi lisiloingia hewa?

Mwalimu wa kemia, Nakuru: Vinaweza, ndugu, ila kwa kushirikiana: baadhi huvunja pete ya fenoli (duara la atomi za kaboni) hadi kuwa asetati (chumvi ya asidi ya siki), hidrojeni na kaboni dayoksaidi, kisha vile vizalishavyo methani huyatumia mabaki hayo, na hivi vikidhoofika kazi yote husimama.

Fundi wa bayogesi, Kakamega: Fenoli nyingi huviua vijidudu vyenyewe. Anzeni na samadi ya ng'ombe na maji taka yaliyozimuliwa kwa maji safi, mkiongeza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, joto likiwa karibu nyuzi 35 na pH (kipimo cha uasidi) karibu 7.

Mkazi wa Kisumu: Ahsanteni sana. Tutalifukia tangi ardhini, maana baridi ya usiku inatutia wasiwasi.