Nimevuliwa mkanda mweusi mbele ya watoto wa mkanda mweupe

Wakuu, naandika nikiwa na barafu shavuni, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule bwana anayetufundisha karate mnamjua. Yule wa "hii mbinu siwezi kukuonyesha, utakufa". Goti lake huuma siku za kumite tu, zile za kupigana wawili wawili, siku ya ada linapona.

Jana jioni walikuja vijana wa ngumi wa mtaa wa pili, eti mazoezi ya kirafiki. Nikapangiwa dogo mmoja, konda wa daladala, ana miezi minne tu ya masumbwi. Mimi miaka minane. Nikainama kwa heshima. Nikashuka zenkutsu safi, ule mkao wa mguu mmoja mbele goti limekunjwa, mkono mmoja mbele, mwingine kiunoni kama tulivyofundishwa. Hivi mkono kiunoni unalinda nini? Pochi? Dogo akaachia kushoto moja iliyonyooka, kama anadai nauli. Nilipofumbua macho nikawa naangalia feni.

Hapo sina neno, mtu hupigwa. Yule bwana akaja, nikajua ananiinua. Akapiga goti (lile lile bovu!), akanifungua mkanda, akaukunja. Jamani, akaukunja. Taratibu, ncha kwa ncha, kama kitenge cha mahari. Halafu anawaambia watoto: "Heian Shodan yake haijakaa, ndiyo maana kapigwa." Yaani ile kata ya kwanza kabisa, mfuatano wa mapigo ya kupiga hewa!

Mkanda wenyewe nilinunua kwa hela yangu.

Kule China mwaka 2017 Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA (ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja), alimlaza Wei Lei, mwalimu wa tai chi, haikufika hata nusu dakika. Lakini Wei Lei hakukunjiwa kitu. Mimi kakunja! Na shemeji yangu yupo mlangoni anarekodi.

Bwana Chachandu: Tupia hiyo video mkuu, bila video hii ni chai.

Mzee wa Nyuma ya Pazia: Mkanda ulipofunguliwa suruali ilibaki?

Mleta uzi: Suruali ina kamba yake. Tuheshimiane.

Kiwiko: Tatizo ni wewe, siyo karate. Machida wa Brazil alibeba ubingwa wa UFC, ligi ya MMA ya Marekani, mwaka 2009 na Shotokan, mtindo huo huo wa karate unaofundishwa wewe.

Konzi Moja: Machida ana mkanda mweusi wa jujitsu pia. Mleta uzi ana nini?

Mzee wa Nyuma ya Pazia: Ana barafu.

Mtoto wa Oyama: Njooni kwenye karate ya Kyokushin, huku tunapigana kweli, hatuchezi na hewa.

Konzi Moja: Si ndiyo ninyi mnaokatazana ngumi za uso? Yule konda angekupiga wapi sasa, kwenye leseni?

Bwana Chachandu: Mkuu ulikosea ukumbi tu. Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, fainali ya karate, Hamedi wa Saudia anaongoza, akamzimisha Ganjzadeh wa Iran kwa teke la kichwa. Ganjzadeh katolewa kwa machela, kuja kuzinduka anaambiwa dhahabu ni yake, mwenzake kaondolewa kwa kupiga kweli. Wewe hapo ulikuwa bingwa kabisa.

Mleta uzi: Cheka tu. Wewe hujakunjiwa.

Mama Wawili: Afadhali wewe umevuliwa. Mimi mwanangu anavalishwa kila kukicha. Njano, chungwa, kijani, kila mkanda na hela ya mtihani. Nyumbani ana mikanda kuliko duka la mitumba, na shuleni bado ananyang'anywa chapati.

Kiwiko: Na nani?

Mama Wawili: Na binti wa darasa la tatu. Hajui hata kata moja.

Mzee wa Nyuma ya Pazia: Huyo binti apewe namba ya yule konda, wafungue dojo.

Konzi Moja: Mumpeleke mtoto kwenye ngumi. Bondia wetu Mwakinyo alimfuata Mwingereza Eggington kwao Birmingham mwaka 2018 akammaliza raundi ya pili, wala hakuinamia mtu.

Mtoto wa Oyama: Dada, hiyo chapati ya shule shilingi ngapi siku hizi?

Mama Wawili: Mia tano, na unaona taa kwa upande wa pili.

Bwana Chachandu: Mia tano?! Kwetu hiyo hela unapata inayojaa sahani.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Hivi mtu mzima anakunjaje mkanda wa mtu mzima mwenzake?

Kiwiko: Wauza chapati wa siku hizi wanapunguza unga wanaongeza maji. Hii inahitaji uzi wake.

Mleta uzi: AKAUKUNJA.

Mama Wawili: Siyo maji, ni mafuta. Wanarudia yale yale wiki nzima.

Mtoto wa Oyama: Ya alizeti au mawese?