Tupeane uzoefu: uliyependana na mchezaji, ulimwamini lini?

Muuza Dawa, Nakuru

Jamani, habari za jioni. Huu uzi ni wa sisi wagumu, wale ambao mtu akituambia "nakupenda" tunamuuliza anataka nini hasa. Nataka kusikia kutoka kwa waliopendana na wachezaji ambao mchezo ndio kazi yao, au angalau ndio wanaoutarajia uwalishe: raga, kandanda, mbio, ndondi, voliboli. Swali ni moja. Ulimwamini lini? Ulimpenda lini usituambie, hilo tunalijua, kila mtu hupenda mchezaji akiwa uwanjani.

Naanza mimi. Nauza dawa hapa mjini. Msimu wa raga wateja wangu wa Jumatatu wanajulikana: wanaingia wakichechemea, wanataka bendeji, dawa ya kuchua na tembe za maumivu. Huyu alikuwa winga. Alinunua bendeji ile inayovutika, akaomba nimwonyeshe inavyofungwa. Nikamwambia maelekezo yako kwenye pakiti. Akaketi kwenye benchi, akayasoma yote kwa sauti, kisha akajifunga ovyo makusudi.

Wakati huo nina mtoto mdogo na sheria zangu. Hakuna mwanamume anayejua ninapokaa. Hakuna anayejua mtoto anasoma wapi. Na pesa zako za M-Pesa usinitumie, maana sitaki siku moja uniletee hesabu. Babake mtoto ndiye aliyenifundisha hayo na sitamjadili hapa.

Ikafika wikendi ya Prinsloo Sevens, yale mashindano ya raga ya wachezaji saba hapa Nakuru, nikaenda uwanja wa NAC na shoga zangu. Mnaoijua mnajua: mji unajaa magari ya Nairobi, vyumba vya wageni vinaisha, na wasichana wamevaa wakavalika. Mechi yenyewe ni dakika 14 tu, saba na saba, ukienda kutafuta soda unakuta imeisha. Alifunga trai pale kona, jukwaa zima likaimba jina lake la utani. Mimi nikawa nawaza jinsi nitakavyoacha kuzungumza naye kwa ustaarabu.

Ule mzunguko wa kitaifa wa sevens ukishapita Nakuru, Kisumu, Mombasa na Nairobi, kunakuwa kimya. Hakuna mechi, hakuna marupurupu. Jioni moja akaja dukani, akanipa simu yake bila maneno mengi. Ujumbe wa M-Pesa, posho yake ya mwezi. Ilikuwa chini ya mshahara wangu. Akasema, "Watu wanadhani nina pesa. Nataka wewe usidhani." Siku hiyo nilifunga duka mapema, nikamwacha anisindikize hadi langoni kwetu.

Haya, leteni zenu.

Ndovu Mkali, Nakuru

Wachezaji wote ni wale wale. Leo Prinsloo, kesho Dala Sevens Kisumu, kesho kutwa Mombasa, na kila mji ana mtu wake. Nyinyi endeleeni kujidanganya.

Muuza Dawa, Nakuru

Kaka, umeulizwa uzoefu. Wako ni upi?

Ndovu Mkali, Nakuru

Dada yangu ameolewa na mmoja.

Muuza Dawa, Nakuru

Basi mwite aje aandike mwenyewe.

Mama Reli, Kisumu

Wanangu, mimi ni wa zamani kidogo, mnivumilie. Enzi zetu timu nyingi za ligi zilikuwa za mashirika: Reli, Posta, Bandari na kadhalika. Mchezaji aliajiriwa kama karani au fundi, asubuhi kazini, alasiri mazoezini. Wangu alikuwa beki wa timu ya namna hiyo, na mezani kwake mlikuwa na mafaili ya kazi ya kweli. Nami nilikuwa mwalimu kijana, nimeapa kwamba sitaolewa na mtu anayeitwa kwa jina la utani.

Mwaka wa 1987 Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi barani Afrika. Sare ya 2-2 kule Tunis dhidi ya Espérance, sare ya 1-1 Nairobi, kombe likaja kwa mabao ya ugenini. Kisumu haikulala. Usiku ule kila mwanamume aliyewahi kugusa mpira alijiona mchumba wa mtu, na wengine walikuja kugonga dirisha letu hadi baba akatoka na rungu.

Yeye alikuja asubuhi, watu wakirudi kanisani, viatu vimepigwa rangi. Akamwamkua baba, akakaribishwa kiti. Gazeti lilikuwa moja. Wakaligawana: baba akashika kurasa za mbele, yeye akashika za nyuma, wakasoma hadi wakabadilishana, bila mtu kumsumbua mwenzake. Jina langu halikutajwa. Alipoondoka baba akasema tu, "Huyu anajua kukaa na watu." Mimi nilishamwamini hapo, ingawa nilimsumbua bado, si vizuri mtu kupata kitu upesi.

Goti lilipomwishia alirudi kwa mafaili yake, mshahara ukaendelea kama kawaida. Nyinyi wa sasa mna kazi ngumu kuliko yetu, kwa maana kijana wa leo akiumia mara nyingi hana meza inayomngoja.

Nyar Nyalenda, Kisumu

Asante, Mama. Wangu hakuwa na meza wala faili. Kiungo wa ligi kuu, timu naiacha. Nina saluni Kondele, alikuwa akimleta dada yake kusukwa, baadaye akawa anakuja bila dada. Aliniomba sana niende Mamboleo nimwone akicheza, nikakataa. Nilijua nikimwona na jezi nitalainika.

Kisha akapata timu Tanzania. Huko wanalipa kuliko hapa, hilo kila mtu analijua, wachezaji wetu wengi wanakimbilia huko. Akataka niuze saluni tuhamie Dar pamoja. Nikamwambia naomba niuone huo mkataba. Ulikuwa wa mwaka mmoja. Viti vyangu viwili vya kukaushia nywele nilivilipia kwa muda mrefu kuliko huo! Sikuuza.

Alikuwa akipiga simu kila usiku, halafu mchana, halafu siku yangu ya kuzaliwa, halafu basi. Alirudi na mke. Huyo mke nilimsuka mimi mwenyewe, msichana mpole, akalipa vizuri na akaacha kitu juu. Nilimpenda? Sana. Nilimwamini lini? Sikufika huko, na saluni iko.

Mukhana wa Lurambi, Kakamega

Pole na hongera, dada. Wangu ni wa raga, anasukuma mstari wa mbele wa skramu. Nilimwamini siku alipomwambia kocha, mimi nikisikia, kwamba amegongwa kichwa, anaona ukungu, na harudi uwanjani. Sheria yenyewe inasema ukishukiwa kupata mtikisiko wa ubongo utoke, lakini wangapi hujificha? Na ilikuwa mechi kubwa, watu walimzomea. Nikajisemea, anayeilinda akili yake hivi ataweza kulea watoto wangu.

Dada ya Ndovu, Njoro

Nimeitwa. Mimi ndiye niliyeolewa. Wangu alikuwa golikipa, sasa anafundisha vijana na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Ugomvi wetu mkubwa ni wa nyasi za mifugo, wasichana sijawasikia. Na Ndovu anamnunia shemeji yake kwa sababu alikataa kumtafutia nafasi kwenye timu. Ndovu, wewe hukimbii hata basi likikuacha.

Kijana wa Bondeni, Nakuru

Wanaume tunaruhusiwa? Mimi ni bondia. Nakuru ni mji wa ngumi, Philip Waruinge alitoka hapa, shaba ya Olimpiki Mexico 1968 na fedha Munich 1972. Pale ukumbi wa Madison makocha walitutajia jina lake hadi tukaota naye.

Mke wangu alikuwa na kibanda cha chakula karibu na ukumbi. Hakuwa akicheka na wateja. Ukimwambia "mrembo" anakuuliza chapati ngapi. Sasa mimi napigana uzani wa unyoya, kilo 57 na chembe. Wiki ya pambano mtu wa uzani huo hali chakula. Unaruka kamba umevaa makoti mawili, unatema mate kwenye chupa, unanyonya kipande cha barafu ukijiambia ni chakula cha jioni. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nikawa naenda kuketi kibandani kwake kila jioni, naagiza maji ya moto na limau. Nakaa saa nzima naangalia chapati zikigeuzwa. Akawaambia wenzake kuna bahili mmoja hapa, anakunywa maji ya bure na kumaliza benchi.

Siku ya kupimwa uzani nikapita mizani, nikatoka mbio hadi kwake. Nilikula chapati na maharagwe hadi akaacha kuhudumia watu aje kunitazama. Nilipomaliza nikamweleza kwamba pesa ya pambano inatoka kesho. Ule uso alionipa! Akachukua daftari la madeni, akauliza jina, nikamwambia, akaandika bila kuniangalia.

Nilipigwa. Raundi ya nne refa akasimamisha. Kesho yake jicho moja limefunga kabisa, mdomo una nyuzi, nikaenda kibandani, nikalipa lile deni, nikaomba aninyooshee mstari juu ya jina nikiona. Akatafuta kalamu muda mrefu kidogo. Halafu akanimiminia uji, akasema huo si wa kulipa. Baadaye sana ndiyo akaniambia: "Mtu amepigwa hadi haoni, bado anakumbuka maharagwe."

Hajawahi kuja kuniona nikipigana na sijamwomba.

Asiyetaja Jina, Trans Nzoia

Kwangu ni tofauti. Mimi ndiye mwanariadha, na mimi ndiye mgumu. Nakimbia nusu marathoni.

Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, na aliyeshtakiwa ni mumewe. Tangu hapo, kambini msichana akisema mpenzi wake ndiye anayemshikia pesa, hakuna anayecheka. Halafu Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, ametoka tu kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, akamwagiwa petroli na kuchomwa hapa hapa kwetu Endebess. Nafanya mazoezi barabara za huku. Kwa hiyo mkiona lango langu lina kufuli mbili msiniite mwenye maringo.

Wasiojua, pesa za mbio hazifiki siku ya mbio. Zinangoja majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, wakala anakata yake, kodi ya nchi ulikokimbia inakatwa, miezi inapita. Mwanamume wangu wa kwanza alikuwa akiuliza kila mwisho wa wiki, "Zimefika?" Habari yangu haulizi, mguu wangu haulizi. Nikaachana naye.

Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Bungoma. Akaomba niende nikalale kwao, wazazi wanijue. Sasa mimi niko kwenye orodha ya kupimwa. Kila siku lazima iandikwe nitalala wapi, na saa moja ambayo wapimaji wakija wanikute. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kesi, unaweza kufungiwa miaka miwili. Ningeweza kubadilisha anwani kwenye simu, ni kazi ndogo. Sikutaka tu anwani ya kwao iingie kwenye rekodi zangu kabla sijajua kama nitarudi tena. Nikamweleza hivyo hivyo, nikingoja anune.

Hakununa. Jumamosi akamleta mama yake kwangu, na jogoo.

Saa kumi na moja alfajiri lango likagongwa. Wapimaji. Mama akatoka na leso kiunoni na mwiko mkononi, akijua ni wezi. Tukamtuliza. Kanuni ni kwamba yule mwanamke wa kupima lazima anitazame nikitoa mkojo, hakuna kufunga mlango. Mama akasimama nje ya choo akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani kwa nini mgeni huyu anamfuata mkamwana wake chooni. Kumbe ndivyo ananiita tayari! Na mimi nilikuwa nimetoka kwenda haja, hakukuwa na kitu, ikabidi ninywe maji tungoje. Mwalimu akapika chai, akawapa wapimaji wote, akaanza kuosha vikombe, akimweleza mama yake taratibu kwamba hii ni kazi kama kazi nyingine na hawa wanafanya yao.

Jua likachomoza tukiwa tumeketi hivyo. Nikajikuta nawaza chumba cha mama nikiweke upande upi.

Nimekimbia mbio kadhaa tangu hapo. "Zimefika?" sijaisikia.

Nyar Nyalenda, Kisumu

Mama na mwiko! Huyo usimwache aende, hata mwalimu akikukorofisha.

Mgeni wa Busia

Nimesoma zote. Kuna mchezaji wa voliboli ananifuata, wa timu ya shirika, akija likizo anapita dukani kwangu, mrefu hadi anainamia mlango. Mimi ni wale wa kuuliza "unataka nini hasa". Nimuulize nini kwanza?

Nyar Nyalenda, Kisumu

Mkataba wake unaisha lini. Na uuone.

Kijana wa Bondeni, Nakuru

Kama ana deni mahali.

Mama Reli, Kisumu

Mlete akae na baba yako.

Mgeni wa Busia

Baba alishatutoka, Mama. Kuna mjomba, na mjomba ni Ingwe damu, shabiki wa AFC Leopards, hana habari ya voliboli. Na kijana ni wa Gor, mahasimu wao.

Mama Reli, Kisumu

Pole, mwanangu. Basi mlete siku ya Mashemeji, Gor na Ingwe wakicheza, wakae na mjomba dakika zote 90. Wewe pika, na usifunge mlango wa jikoni.