Tupeane uzoefu: nani amejiandikia mwenyewe karatasi za talaka na malezi, bila wakili?

Habari zenu wapendwa. Naanza na yangu, msije mkasema nawachimba tu.

Ndoa ya kanisani, miaka kumi na moja, watoto wawili. Wakili niliyemwendea alitaja bei nikanyanyuka soda ikiwa nusu. Nikajiuliza, mwenzangu hakatai kuachana, mali yetu ni kiwanja kimoja Chanika na friji, wakili wa nini? Usiku nikaandika kurasa nne za daftari, kila alichonitenda tangu tuoane. Karani wa mahakama alisoma nusu ya ukurasa wa kwanza, akaniangalia juu ya miwani: "Mama, Fomu Namba 3 iko wapi?"

Sikuwa hata naijua. Nilikuwa na barua ya mchungaji yenye muhuri mkubwa wa bluu, na nilishapita kwa mshenga, kwa shangazi, mpaka kwa mjumbe. Wote hao si Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka baraza liwasikilize kwanza, na likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hiyo Fomu Namba 3, hati ya kwenda nayo mahakamani. Nikarudi kwenye baraza la kata, nikaanza moja.

Zile kurasa nne zilibaki moja na nusu: tulioana lini na wapi, watoto majina, umri na jinsia, tuna mali gani, ndoa imevunjika kwa sababu ipi, naomba nini. Hadithi ya wifi nikaitoa. Iliniuma, lakini hakimu ilimhusu nini?

Haya, tuambizane.

Mama wa Gongo la Mboto: Mimi hati nilipata vizuri tu, nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Mara mtoto kaugua, mara ada, mara nikaanza kumwonea huruma yule baba. Kuja kufungua shauri, naambiwa imepita miezi sita tangu itolewe, haifai tena. Nikaanza upya, mbele ya wazee walewale. Mmoja akacheka, "Umerudi?" Ukishaipata, usilale nayo.

Kaka wa Tabata: Wangu yuko Muscat, harudi leo wala kesho. Pale barazani walikuwa wananiambia tu nimsubiri aje. Msaidizi wa kisheria wa mtaani ndiye aliyenionyesha kifungu cha 101: mwenza akiwa nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita, sharti la baraza halikubani. Hata akiitwa na baraza akakataa kuja kwa makusudi, ni hivyohivyo. Lakini uieleze kwenye maombi yako, usitegemee hakimu akuotee.

Bint Kariakoo: Sisi Waislamu tunajidanganya sana hapa. Nilikuwa na karatasi ya talaka, mwandiko wa mume wangu, mashahidi wawili, nikajua yameisha. Nilipodai sehemu yangu ya nyumba ndipo nikapelekwa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, wakasikiliza kama baraza la usuluhishi, nikaenda mahakamani na hati yao pamoja na ile karatasi. Na jamani, msiache kuandika kazi za nyumbani! Mimi sikuwahi kuajiriwa. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, kupika na kulea kunahesabika kuwa mchango kwenye mali. Mwenyewe Bi Hawa rufaa yake haikufanikiwa, maskini, ila mlango aliufungua yeye. Mimi niliorodhesha mpaka matofali niliyomwagia maji asubuhi kabla ya kuwapeleka watoto shule.

Baba Pacha, Kimara: Mnasahau malezi. Sisi tuliandika "watoto watakaa kwa mama, baba atawaona wikendi." Wikendi ipi? Inaanza lini? Tuligombana mwaka mzima juu ya neno moja. Afisa ustawi wa jamii akatukalisha, akatuandikisha upya: Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumapili saa kumi, kila baada ya wiki mbili. Idi kwangu, Krismasi kwa mama yao. Ada nalipa mimi moja kwa moja shuleni, uji na madaftari yeye. Mtoto akiugua, anayekaa naye ndiye anampeleka hospitali na kumpigia mwenzake usiku huohuo. Andikeni pia nani anatoa nauli, kaeni mkijua. Na kina baba, hiyo ya kwamba chini ya miaka saba mtoto ni wa mama, sheria inaianza hivyo lakini inaweza kupingwa. Kinachoangaliwa kwanza ni ustawi wa mtoto, na hata mliyokubaliana mahakama inaweza kuyabadilisha.

Mdau wa Mbagala: Nendeni Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia. Ndoa na mirathi, Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu jengo moja. Nilipata msaada wa kisheria bure, nikapanga karatasi zangu hapohapo.

Dada wa Ubungo: Naomba niseme moja. Kama anakupiga, haya ya kukaa mezani mkaandikiana makubaliano si yako. Mimi nilisaini huku mkono unatetemeka, nikakubali kumwachia kila kitu ili nitoke. Anza dawati la jinsia polisi, na utafute mtu wa kusimama na wewe. Bila wakili isiwe peke yako.

Mwenye mada: Dada Ubungo, pole sana, na ahsante. Baba Pacha, hilo la nauli umenigusa, maana sisi hatukuliandika. Leo Ijumaa, mwanangu mdogo amekaa mlangoni na begi tangu saa kumi na moja, na baba yake ndiyo ananipigia hapa kuuliza bajaji analipa nani.