Ukuta wa chumbani unalowa kutokea bafuni, silikoni nimeshapaka mara tatu, maji yanapita wapi?

MamaWatatu ameuliza:

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana hili jambo limeninyima raha kabisa. Bafu letu lina vigae kuanzia chini mpaka juu, kuna bathtabu imebanwa kwenye kona na bomba la mvua liko juu yake hapohapo, yani tunaoga tumesimama ndani ya bathtabu. Nyuma ya ukuta huo ndo chumba cha watoto. Sasa ni kama miezi mitano ule ukuta wa chumbani unatoa unyevu kule chini karibu na sakafu, rangi imevimba kama malengelenge, ukibonyeza na kidole inapasuka na ndani unakuta unga mweupe kama chumvi. Juzi nimevuta kabati nikakuta kuvu nyeusi nyuma yake na nguo za mdogo zilizokuwa droo ya chini zinanuka uvundo, nikafua zote upya na roho inaniuma kwa sababu mtoto mwenyewe anakohoa usiku.

Nilichofanya mpaka sasa, nimepaka silikoni pale bathtabu inapokutana na vigae mara tatu. Ya kwanza ilikaa wiki tatu ikaachia upande mmoja, nikapaka nyingine juu yake nayo ikaachia. Fundi aliyeweka vigae nikampigia akasema ni grauti (ile saruji inayojazwa kati ya vigae) imechoka, nikakwangua nikaweka mpya, haikufika wiki mbili mstari wa chini kabisa ukapasuka kipande kirefu, ufa mwembamba kama uzi. Sasa fundi mwingine anasema nivunje bafu zima. Tuko watu watano na hatuna bafu lingine, kwa hiyo kabla sijavunja nataka kwanza nijue maji yanapita wapi. Aliyewahi kupata shida hii anisaidie.

---

Fundi_Koki amejibu:

Pole sana dada. Kwanza simama hapo, usipake kitu kingine chochote na usivunje hata kigae kimoja cha ukutani. Kwenye bathtabu yenye bomba la mvua maji yanaweza kutoroka sehemu tano au sita tofauti na ukutani zote zinaonekana sawa, kwa hiyo inabidi uzijaribu moja moja, ukichanganya mbili kwa siku moja hujui ipi ndo yenyewe.

Anza na mita ya maji. Usiku wote wakilala funga koki zote, soma namba, subiri saa mbili usome tena. Ikisogea na hakuna aliyetumia maji na tanki la choo halivuji basi ni bomba lenye presha ndani ya ukuta na silikoni haihusiki kabisa. Kama haijasogea, endelea.

Pembeni ya bathtabu kama kuna kifuniko kifungue, kama hakuna toa kigae kimoja upande wa mbele upate pa kuchungulia. Huo ukuta wa chumbani usiutegemee kukupa majibu maana ulishakunywa maji miezi mitano, utaendelea kulowa hata ukizima kila kitu leo. Chukua tochi na karatasi ya tishu kavu, ukipitisha tishu chini ya maungio inakuonyesha tone hata jicho lisiloliona.

Jaza bathtabu nusu, usifikie lile tundu la juu la kuzuia maji yasifurike, acha saa mbili. Ukikuta maji chini yake ni wosha ya tundu la kutolea maji. Kama pakavu, fungulia yatoke yote kwa mkupuo huku unaangalia kwenye bomba taka na kiko chake, ile sehemu iliyopinda, hapo ndo panavuja kwa kasi wakati wa kumwaga tu. Siku nyingine jaza mpaka maji yaanze kuingia kwenye tundu la juu, ile raba yake ya nyuma ikikauka inapitisha maji na watu wengi hawaijui kabisa.

Halafu kuna hii ambayo mafundi wengi wanairuka. Bomba linalopanda kutoka kwenye miksa (koki inayochanganya maji ya moto na baridi) mpaka kichwa cha mvua linapata maji pale tu mtu anapooga, ndo maana mita haiwezi kukuambia kitu juu yake. Fungua kile kichwa, pachika mpira utakaopeleka maji moja kwa moja kwenye tundu la chini bila kugusa ukuta hata kidogo, fungulia dakika 15. Ikivuja hapo ni maungio ya ndani ya ukuta. Kama una hita ya umeme ya kwenye kichwa usiiguse hii, izime kwenye swichi kuu na umwite anayejua umeme.

Mwisho ndo unamwagia vigae. Anza chini kabisa pale kwenye mstari dakika 10, angalia, ndo upande juu taratibu, kona, kuzunguka miksa, mpaka juu. Ukianza juu maji yatashuka yatalowesha kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Lete majibu hapa.

---

jirani_wa_chini amejibu:

Naongezea tu la usalama. Kama kwenye huo ukuta wa chumba cha watoto kuna soketi karibu na palipolowa, zima umeme wa chumba hicho leo hii kabla hata ya kusoma majibu mengine, usingoje. Na hiyo kuvu usiisugue ikiwa kavu inarusha vumbi, watoe watoto wakalale chumba kingine kwa sasa, lowesha kwanza, fungua madirisha, vaa glavu na barakoa. Ukitumia jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, moshi wake unaumiza mapafu vibaya sana.

---

MamaWatatu amejibu:

Asanteni mno, soketi ipo kweli nimezima na watoto nimewahamishia chumbani kwetu. Majaribio yamechukua karibu wiki nzima. Mita haikusogea. Kujaza nusu pakavu, kumwaga pakavu, tundu la juu pakavu, mpira dakika 15 pakavu. Kumwagia ule mstari wa chini bathtabu ikiwa tupu, tishu ikatoka na unyevu kidogo tu nikaona labda sio hapo. Ila mume wangu akaingia akasimama ndani ya bathtabu kunisaidia kushika mpira, nikiwa nimelala sakafuni na tochi nikaona bathtabu imeshuka!! Kwa macho yangu, pale ukutani ukafunguka mwanya ambao kadi ya benki ingepita, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye ukuta wa ndani mstari mzima. Akitoka unajifunga. Mguu mmoja wa nyuma wa bathtabu unaning'inia haujagusa sakafu.

Na kuna lingine, nimegonga vigae kwa mpini wa bisibisi, vya mstari wa chini kama vitano vinalia kitupu, vya juu vinalia kimejaa.

---

kigae_na_kigae amejibu:

Hongera dada umefanya kazi nzuri kuliko sisi mafundi tunavyofanya. Mimi nabandika vigae miaka mingi na hilo umelipata sawasawa. Bathtabu ikijaa maji lita 150 hizo ni kilo 150, ongeza mtu mzima ndani, halafu mguu unaning'inia. Grauti ni saruji, haivutiki hata unywele, kwa hiyo pale chini ilikuwa lazima ipasuke hata angeiweka nani. Sehemu yoyote ambapo vitu viwili vinakutana kwa pembe, bathtabu na ukuta, ukuta na ukuta kwenye kona, sakafu na ukuta, hapo haiwekwi grauti, inawekwa silikoni ambayo inavutika na kurudi. Aliyekuambia uweke grauti pale hakukushauri vizuri.

Na hizo silikoni tatu zimeachia kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, wala haishiki kwenye sabuni au unyevu. Hata ingekuwa ya bei ya juu kiasi gani.

Kwa hiyo kwanza ni mguu. Miguu mingi ina skrubu ya kupandisha, pandisha mpaka ukae imara sakafuni halafu kaza nati yake, weka pima maji juu ya bathtabu uhakikishe bado inatelemkia kwenye tundu. Mtu asimame ndani huku wewe unaangalia ukutani, isisogee. Usiende hatua nyingine kabla hiyo haijakaa.

Sasa vigae vinavyolia kitupu. Nakwambia ukweli, hivyo vitoke. Watu wanaamini vigae ndo vinazuia maji, sio kweli, kigae chenyewe hakipitishi lakini mistari ya grauti ya saruji inanyonya, na plasta nyuma yake inanyonya zaidi. Huo unga mweupe ulioukuta chumbani ni chumvi za ndani ya saruji na tofali, maji yanazibeba yakipita, yakikauka usoni yanaziacha hapo. Kinachozuia maji ni ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa ukutani kabla ya kubandika. Toa mstari wa chini na wa pili yake, ukikuta plasta tupu bila ngozi yoyote ya mpira juu yake ujue haikupakwa. Kwangua plasta iliyolegea, rekebisha, acha ikauke, paka dawa mikono miwili, yani mara mbili, wa pili uukatishe wa kwanza, kama wa kwanza umeenda kulia kushoto wa pili uende juu chini, na kwenye kona zamisha ule utepe wa kitambaa ndani ya mkono wa kwanza kabla haijakauka. Ishuke mpaka nyuma ya mdomo wa bathtabu. Kusema kweli kazi kamili ingekuwa ukuta wote mpaka juu ya kichwa cha mvua, lakini kama juu vigae vinalia vizuri na jaribio la kumwagia juu lilikuwa kavu mimi nisingekuvunjisha bafu zima.

Silikoni sasa, hapa usiwe na haraka. Kwangua ya zamani yote kwa kikwanguo cha plastiki usichubue bathtabu, futa na spiriti, acha pakauke siku mbili hata kwa feni. Nunua ya bafuni yenye dawa ya kuvu. Ile inayonuka siki isitumike kwenye mawe ya asili kama marumaru halisi, inayala, chukua isiyo na asidi. Halafu JAZA BATHTABU MAJI kabla ya kupaka, ishuke kadiri inavyoweza kushuka. Bandika utepe wa karatasi juu na chini uache nafasi ya milimita 6 hivi, mwanya ukiwa mkubwa sindilia kwanza kamba ya sponji ili silikoni ishike pande mbili tu, ikishika na nyuma itachanika. Paka mstari mmoja bila kukatisha, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, vuta utepe kabla haijaanza kushika. Maji yabaki ndani ya bathtabu saa 24, ndo umwage. Ukimwaga mapema bathtabu inapanda na silikoni bado laini, kazi yote imepotea.

---

MamaWatatu amejibu:

Narudisha mrejesho. Tulivyotoa vigae vya chini viwili vilianguka vyenyewe mkononi, nyuma plasta nyeusi inatoa maji ukiibonyeza na hakuna dawa yoyote iliyowahi kupakwa. Nimelia kidogo maana tulilipia. Tumefanya kama alivyoelekeza kigae_na_kigae, mguu, plasta, dawa mikono miwili, vigae, na silikoni bathtabu ikiwa imejaa, tumeogea ndoo kwa jirani siku zote hizo. Leo wiki ya tatu, mume wangu amesimama ndani tukamwagia maji mstari wote dakika 20, tishu kavu. Nimefurahi sijui niseme nini, Mungu awabariki.

Swali la mwisho, chumbani naweza kupaka rangi sasa?

---

Fundi_Koki amejibu:

Bado dada, subiri. Kwangua rangi yote iliyovimba na plasta iliyolegea, brashi chumvi ikiwa kavu usiioshe kwa maji maana itarudi ndani, acha ukuta wazi dirisha likiwa wazi. Kila siku chache bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Kikiwa na jasho kwa ndani ukuta bado una maji. Kikitoka kikavu mara mbili tatu mfululizo ndo upake, na soketi ile afunguliwe na fundi umeme aione ndani kabla hujawasha.